Bisi ya watu 60, jipu ya mtu mmoja: taa impitishe nani kwanza?

Huko Los Angeles, London na Zurich, taa za barabarani zinajua kama bisi inakuja na zinaifungulia njia. Siri yake si taa yenyewe. Siri ni kujua mbele ya wakati bisi itafika saa gani. Sisi watu wa migodi tunaacha masaa mengi ndani ya bisi kila mwezi, na jambo hili linatuhusu kuliko tunavyofikiri.

Kila familia ya mgodi, ikiwa Kolwezi, Likasi, Fungurume ao Lubumbashi, inajua hesabu hii bila kalamu. Posti inaanza saa kumi na mbili asubui. Juu ya kuwa pale saa kumi na mbili, baba anapaswa kupanda bisi ya kazi saa kumi na nusu. Juu ya kupanda saa kumi na nusu, mama anaamuka saa tisa, anawasha makala, anatia maji ya kuoga kwenye moto, watoto wangali wanalala. Jioni hesabu inarudi vilevile: posti imeisha, lakini nyumba ingali mbali.

Kwa yule wa posti ya saa 12 ambaye safari yake ni saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, kazi inakula saa 15 za siku. Zinabakia 9 za kula, kuoga, kuongea na watoto, kusikiliza shida za nyumba na kulala. Usingizi njo unalipa deni. Na mtu asiyelala vizuri, tunajua vile anaendeshaka mashini.

Sheria ya kazi ya Congo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kazi ya kawaida haipite saa 45 kwa juma. Lakini sheria hiyo hiyo inatosha katika hesabu wakati wa kwenda kazini na kurudi, isipokuwa kama safari yenyewe ni sehemu ya kazi. Maana yake ni hii: dakika unazopoteza ndani ya bisi hakuna mtu anayezilipa. Zinatoka katika maisha yako, na katika maisha ya wale wanaokungoja nyumbani.

Tufanye hesabu ndogo. Kama bisi inapoteza dakika 20 kwenda na dakika 20 kurudi juu ya kusimama tu kwenye njia panda na kwenye vituo, kwa siku 22 za kazi ni dakika 880, karibu saa 15 kwa mwezi. Kwa miezi 11 ni saa 161. Hizo ni posti 13 za saa 12, umezifanya umekaa ndani ya bisi, bila franka hata moja.

Wengi wetu tumezoea kusema: « Ni barabara, tutafanya nini? » Tuone basi vile wengine walifanya.

Bisi inapoteza wakati wapi?

Mfano mzuri ni Los Angeles, mji mkubwa wa Marekani unaojulikana kwa motokari zake. Mwisho wa miaka ya 1990, wakubwa wa transporti wa pale walipima bisi zao. Walikuta kwamba karibu nusu ya wakati wa safari bisi haitembee. Iko imesimama. Inasimama kwenye vituo ikingojea watu wapande na walipe mmoja mmoja, tena inasimama kwenye taa nyekundu.

Jambo hili ni kubwa. Kama bisi inapoteza nusu ya wakati juu ya kusimama, basi kumupigia shofere kelele akimbie mbio hakusaidie kitu. Atakimbia mita 400, kiisha atangojea taa ileile na wale aliowapita. Wakati haupatikane katika mwendo. Unapatikana katika kusimama.

Mwezi wa Juni 2000, mji ule ulianzisha bisi mpya kwenye njia mbili ndefu, moja ya Wilshire na Whittier, nyingine ya Ventura. Waliziita Metro Rapid. Walipunguza vituo, walileta bisi za sakafu ya chini ili watu wapande bila kupoteza wakati, na walifundisha taa kutambua bisi. Safari ilipunguka karibu robo. Katika wakati ule waliopata, karibu sehemu moja ya tatu ilitoka kwenye taa peke yake. Barabara ilibaki ileile, hawakuvunja nyumba ya mtu, hawakujenga daraja.

Abiria wa bisi hizo ni watu kama sisi. Ni wafanyakazi wa mashona, wapishi, wale wanaosafisha ofisi usiku, walinzi. Na tusifikiri kwamba walipewa vitu vizuri juu ya huruma. Mwaka 1994, chama cha abiria kinachoitwa Bus Riders Union, pamoja na wengine, kiliwapeleka wakubwa wa transporti mbele ya hakimu. Walisema: mnatia feza nyingi katika reli, na maskini, weusi na watu wa asili ya Mexico, wanajaa katika bisi mbovu. Mwaka 1996 pande mbili zilitia sahihi mapatano ya miaka 10 mbele ya tribinali: kupunguza msongamano ndani ya bisi, kushikilia bei, kununua bisi nyingine. Mapatano hayo hayakuwa ya taa. Lakini yalikumbusha mji wote kwamba mtu wa ndani ya bisi iko na haki ya wakati wake.

Taa inafanya nini

Watu wengi wanafikiri kwamba bisi ikikaribia, taa inageuka kijani mara moja, sawa mbele ya ambulansi. Hapana. Ambulansi inakata kila kitu. Bisi inaomba tu, na taa inajibu kama inaweza.

Kuna majibu mawili makubwa. La kwanza: taa iko kijani na inataka kufunga, lakini bisi iko karibu. Inangojea sekunde chache, bisi inapita, kiisha inafunga. La pili: taa iko nyekundu na bisi inakuja. Inakata kidogo zamu ya barabara nyingine, inafungua kijani mapema. Los Angeles, sekunde hizo hazipite karibu sehemu moja ya kumi ya mzunguko wa taa. Kama mzunguko ni sekunde 90, bisi inaweza kupata 9. Rangi ya manjano haikatwe. Wakati wa watu wa miguu kuvuka haukatwe.

Sekunde 9 ni kitu gani? Kwa taa moja ni kidogo. Lakini yule anayekosa kijani kwa sekunde 5 hapoteze sekunde 5. Anapoteza zamu nzima ya wengine, dakika moja ao zaidi. Halafu njia yenye taa 30 ni taa 30.

Jambo lingine: taa haisaidie kila bisi. Kule Los Angeles, mashini ya hesabu, ordinatere ya mji, inatazama bisi ya mbele ilipita tangu dakika ngapi. Kama bisi mbili zinafuatana karibu karibu, ile ya nyuma haipate kitu. Inapewa ile iliyoachwa nyuma, ile watu wanangojea sana. Sababu ni ya akili: bisi iliyochelewa inakuta watu wengi kwenye kituo, inakawia kuwapandisha, inachelewa zaidi, na ile inayoifuata inaikamata. Kiisha mnaona bisi mbili pamoja, moja imejaa mpaka mulangoni, nyingine tupu.

Kazi ngumu ni kujua itafika lini

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo. Ili taa ingojee bisi, inapaswa kujua mbele bisi itafika kwa sekunde gani. Ikikosea, inaharibu mara mbili: bisi haipite, na watu wa barabara nyingine wamezuiwa bure.

Tuseme bisi iko mita 300 mbele ya taa, inatembea kilometa 30 kwa saa. Hiyo ni mita 8 na kidogo kwa sekunde. Itafika kwa sekunde 36. Hesabu ya shule ya msingi. Taa itapanga kijani kwa sekunde ya 36, kila mtu anafurahi.

Lakini kati ya bisi na taa kuna kituo. Kwenye kituo kuna watu. Kama ni watu 2, bisi inasimama labda sekunde 10. Kama ni watu 12 na kila mmoja anatumia sekunde 3 kupanda, ni sekunde 36 nyingine. Kama kuna mama iko na mtoto mgongoni na mfuko wa unga, ongeza tena. Taa haijui ni watu wangapi. Inafungua kijani, inashikilia, inashikilia, bisi iko palepale ikipandisha watu. Taa inachoka, inafunga. Shofere anafunga mulango, anatazama mbele: nyekundu.

Kituo kikiwa mbele ya taa, njo hesabu inaharibika. Wataalamu wa mambo haya wanapambana nalo tangu miaka mingi, na wamepata dawa tatu.

Dawa ya kwanza ni kuhamisha kituo, kukitia ngambo ya pili ya njia panda. Bisi inapita taa kwanza, kiisha inasimama. Sekunde za kupandisha watu hazina tena kazi katika hesabu ya taa. Dawa hii haitake ordinatere. Inataka pau, mchanga, simenti na mtu wa meri anayekubali.

Dawa ya pili ni mulango. Bisi haiombe kijani kama mulango ungali wazi. Ikifunga mulango, njo inaomba.

Dawa ya tatu ni kutabiri hata wakati wa kusimama: kuangalia saa ngapi ni, siku gani ya juma, bisi ya mbele ilipita tangu lini, na katika siku zilizopita watu wangapi walipanda pale kwa saa kama ile. Mashini haiseme: « Itafika kwa sekunde 52. » Inasema: « Itafika kati ya 45 na 60. » Na taa inapanga kijani kwa nafasi ile yote. Kama nafasi ni pana sana, taa inakataa, juu ingeonea wengine bila uhakika.

Ni vizuri kukumbuka hili hata kwa mambo yetu. Yule anayekupa namba moja ya hakika juu ya kesho anakudanganya. Yule anayesema « kati ya hapa na pale » anafanya kazi ya kweli.

Kule karyeri tunajua kazi hii

Ndugu wanaofanya kazi katika karyeri kubwa hawatashangaa. Wanajua dispachi. Ni mtu, ao mashini, anayefuata kila kamyo kubwa ya kubeba mawe: imetoka wapi, imejaa ao iko tupu, itafika kwenye peli kwa dakika ngapi. Hataki kamyo tano zingojee peli moja wakati peli nyingine inalala. Mwaka 1979, kule Tucson katika Arizona, jimbo la shaba la Marekani, ilianzishwa kompanyi ya Modular Mining Systems juu ya kazi hiyo tu, na tangu miaka ya 1980 migodi mingi ya wazi ya dunia inafanya vile.

Kanuni ya kazi ni ileile ya bisi: unatabiri, unaangalia, unasahihisha. Kamyo inapaswa kufika kwa dakika 8. Inapita alama ya kwanza ikiwa imechelewa dakika moja. Hausemi: « Hesabu yangu ya zamani iko sawa. » Hausemi vilevile: « Niitupe yote. » Unasogeza jibu kidogo, kadiri unavyoamini hesabu na kadiri unavyoamini kipimo. Mtu aliyeandika hesabu hiyo vizuri ni Rudolf Kalman, mzaliwa wa Hungary aliyefanya kazi Marekani, mwaka 1960. Njia yake ilitumiwa kuongoza vyombo vya Apollo kwenda mwezini. Leo ni njia hiyohiyo inayotabiri bisi katika miji mingi.

Tena kule karyeri tuko na sheria nyingine ambayo kila mtu anaiheshimu: motokari ndogo inangojea kamyo kubwa. Hata jipu ya shefu. Hakuna anayeuliza nani iko ndani. Na katika migodi mingi, kamyo iliyojaa inapita mbele ya ile tupu, juu mzigo njo unalisha kompanyi.

Lakini tukitoka kwenye mulango wa mgodi, sheria inageuka. Jipu ya mtu mmoja na bisi ya watu 60 zinafika kwenye njia panda, na zinahesabiwa sawasawa: moja na moja. Mara nyingi jipu njo inapita.

Tuhesabu watu, tusihesabu magurudumu. Bisi ya watu 60 ikipata sekunde 10, ni sekunde 600 za watu. Kwenye barabara nyingine, motokari 20 za watu wawili wawili zikingoja sekunde 10 zaidi, ni sekunde 400. Bisi ipite. Lakini kama bisi inarudi karibu tupu na watu 8, ni sekunde 80 tu, na wale 40 wa upande mwingine wako na haki. Bisi ingojee. Hesabu ni ileile kwa wote, hata kama safari hii inatuumiza sisi.

Wastani unadanganya

Watu wa kompanyi wanapendaka kusema: « Safari ni dakika 50 kwa wastani. » Tuangalie juma moja la mfano. Siku ya kwanza 42, ya pili 45, ya tatu 44, ya ine 43, ya tano 76. Jumla 250, gawanya kwa 5: wastani 50. Ni kweli. Lakini hakuna siku hata moja safari ilikuwa 50.

Mfanyakazi anayeogopa kufutiwa siku hawezi kupanga kwa 50. Anapanga kwa 76, juu hajui ile siku mbaya ni gani. Kwa hiyo siku zote tano anatoka nyumbani nusu saa mapema, na siku ine anafika anakaa kwenye mulango akingoja. Nusu saa hiyo haionekane katika karatasi ya mtu. Inaonekana katika macho ya mama aliyeamuka saa tisa.

Njo maana miji inayofanya kazi hii vizuri haitafute tu bisi ya mbio. Inatafuta bisi inayofika saa moja kila siku. Zurich, mji wa Uswisi, watu walipiga kura mwaka 1973 wakakataa kuchimba reli ya chini ya udongo. Mwaka 1977 walipiga kura tena, wakakubali milioni 200 za franka zao juu ya kufungulia tramu na bisi njia: mstari wao peke yao, na taa zinazozitambua. Mpaka leo tramu na bisi za Zurich zinasifiwa katika dunia nzima. London, kati ya 2007 na 2009, walitia katika bisi karibu 8,000 vyombo vinavyosoma satelaiti, hata taa zikaweza kujua bisi bila kuchimba waya chini ya lami, na abiria wakaweza kusoma kwenye kituo zimebaki dakika ngapi.

Hatari ambayo delege asisahau

Chombo kinachojua bisi iko wapi, kinajua vilevile shofere iko wapi. Kompanyi inaweza kukitumia kupanga safari vizuri. Inaweza vilevile kukitumia kumwandikia shofere barua ya makosa kila akichelewa dakika 3. Na shofere anayeogopa barua atatafuta dakika zake fasi mbaya: kwenye mteremko, katika vumbi, nyuma ya kamyo ya asidi. Abiria 60 njo watalipa.

Sindika ikikubali vyombo hivi, iandike masharti. Wakati unaokusanywa utumike kusahihisha ratiba, si kumwazibu mtu. Kama safari haiwezekane kwa dakika 50 bila kuvunja mwendo wa sheria, ni ratiba inayobadilika, si shofere anayekimbia. Na matokeo yaonyeshwe kwa delege kila mwezi, si kwa shefu peke yake.

Hatari nyingine ni ya jirani zetu. Mama anayesukuma kinga yake kwenda soko, mtoto anayevuka kwenda masomo, wote wako na zamu yao kwenye njia panda. Bisi yetu isiibe wakati wao wa kuvuka. Njo maana miji hiyo ilikataza taa kukata sekunde za watu wa miguu.

Na hapa kwetu?

Tusiseme kwamba Congo haiko na akili ya mambo haya. Mwaka 2013, Kinshasa iliona robo kubwa za alumini kwenye njia panda, zinazotumia jua, zikinyanyua mikono sawa polisi. Walizitengeneza wataalamu wanawake wa kwetu, wakiongozwa na Thérèse Izay. Dunia nzima ilikuja kupiga picha. Robo anapatia kila upande zamu yake, na hiyo ni hatua. Hatua inayofuata ni kujua nani anakuja.

Na kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam, mji ambako shaba yetu nyingi inapandishwa mashua, bisi za mwendo kasi zilianza kutembea mwezi wa Mei 2016 kutoka Kimara. Ziko na mstari wao katikati ya barabara, na abiria analipa kwenye kituo mbele ya kupanda. Kulipa mbele ya kupanda peke yake kunapunguza kusimama, na kusimama kukiwa kufupi, kutabiri kunakuwa rahisi.

Sisi hatuna ordinatere ya mji, na fasi nyingi hatuna hata feu rouge. Lakini sehemu kubwa ya dawa haitake umeme. Haya tunaweza kuyadai sasa:

Kwanza, vituo vya bisi za kazi vihamishwe viwe ngambo ya njia panda, si mbele yake. Kompanyi na meri wanaweza kupatana kwa siku chache.

Pili, polisi wa barabarani kwenye njia panda kubwa wajulishwe saa za kubadilisha posti. Shofere wa bisi ya kwanza, akiwa amesimama kwenye kituo kabla ya kuondoka, atume neno: « Tuko dakika 5, bisi 4, watu 200. » Polisi njo taa yetu, na neno lile njo kutabiri kwetu. Wapitishe bisi zote pamoja, kiisha wafungulie wengine.

Tatu, kompanyi za njia moja ziache kuingiza watu wote saa kumi na mbili kamili. Moja saa kumi na mbili kasoro robo, nyingine saa kumi na mbili na robo. Bisi zilezile, barabara ileile, msongamano unapunguka.

Ine, wakati wa safari uingie katika mapatano ya pamoja kati ya sindika na kompanyi. Tuandike dakika ngapi, na nini inafanyika kama zinapita: mtu aliyechelewa juu ya bisi ya kompanyi asikatwe hata franka moja.

Lakini yote ine yanahitaji kitu kimoja: namba zetu wenyewe. Ukiingia katika mkutano na kusema « bisi inachelewaka sana », watakujibu wastani ni 50. Ukiingia na daftari ya miezi tatu, hawatakujibu vile.

Daftari hiyo ni rahisi. Kwa kila bisi mtu mmoja, na mwingine wa kumsaidia akikosa. Mistari mitano: saa ya kuondoka kituo cha kwanza, saa ya kufika kwenye njia panda kubwa, saa ya kuipita, saa ya kufika kwenye mulango wa mgodi, watu wangapi ndani. Pembeni, neno moja la sababu: kamyo, péage, treni, mvua, kupandisha watu. Usiandike jina la shofere. Mwisho wa mwezi, delege atafute vitu vitatu: safari ya kawaida, safari mbaya kuliko zote, na fasi ambako dakika zinapotea.

Saa ya telefone inatosha, na daftari ya shule ya mtoto iliyobakia kurasa. Bisi zenye mtu wa kuandika zianze juma hili. Delege wakusanye daftari zote mbele ya mazungumzo ya mapatano yanayofuata.